Barabara ya Irine

Mtoto akitoka damu, alisema muuguzi, muwe mmefika hospitali ndani ya saa mbili. Kutoka Mhezi kushuka hadi mjini Same ni saa mbili kasoro robo kwa gari, barabara ikiwa nzima. Barabara haikuwa nzima. Mvua za masika zilikuwa zimeikata kwenye korongo lililo chini ya kanisa, zikaondoka na kalavati pamoja na hatua ishirini za njia, na tangu mwisho wa Aprili magari yalikuwa yanaishia ng'ambo. Watu walivuka kwa miguu. Pikipiki zilibebwa na vijana wanne wanne kama jeneza.

Wilbard aliyasikia hayo ya saa mbili akiwa amesimama kwenye korido ya hospitali huko Moshi, mkononi ameshika viatu vya binti yake. Irine alikuwa na miaka mitano, na asubuhi ile, Jumatatu, alikuwa ameondolewa mafindofindo. Kwa miaka miwili koo lake lilivimba kila baada ya wiki chache, na usiku alikoroma kama mzee, kisha akanyamaza kabisa, bila pumzi, mpaka mama yake amtikise. Bibi yake, Justa, alitaka aitwe mkata kimeo, kama walivyokatwa watoto wake mwenyewe wote saba. Wilbard alikataa kwa sauti kubwa. Ndivyo alivyokuwa akikataa mambo yote. Mhezi nzima ilimjua kwa hilo: la moyoni kwake halikulala.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alimweleza polepole, kidole kwa kidole. Hatari si ya leo peke yake. Vidonda viwili vya kooni vitajifunika utando mweupe, mtu asiuguse. Kati ya siku ya tano na ya kumi utando huo utabanduka, na damu ikitaka kutoka hutoka hapo. Kwa hiyo mtoto anywe sana. Ale laini, tena visivyo vya moto. Dawa ya maumivu apewe kwa saa zake hata akisema haumwi. Asikae kwenye moshi. Asiongee sana. Na asikaribiwe na mtu mwenye mafua au kikohozi, kwa sababu akiambukizwa akaanza kukohoa, kikohozi hicho kitaubandua utando kabla ya wakati. Wiki mbili. Kisha akauliza wanaishi wapi, na Wilbard alipomjibu, muuguzi alivua miwani.

"Baba Irine, huna ndugu hapo Same mjini?"

Ndugu alikuwepo. Kurwa, dada wa mkewe Jenifer, alikuwa amepanga chumba karibu na soko la Same, na alishasema waje wakae hata mwezi. Wilbard alikuwa na sababu mbili za kukataa na zote mbili zilikuwa za kweli: chumba kilikuwa kimoja chenye watoto watatu, na Same ni joto na vumbi. Sababu ya tatu aliimeza. Alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga kwa mikono yake, na hakutaka isemwe kwamba mwanawe alifanyiwa upasuaji akaenda kuponea kwa watu.

Walibishana na Jenifer kwa kunong'ona, kando ya kitanda, mtoto amelala mdomo wazi. Mwisho wakakubaliana nusu kwa nusu. Jenifer na Irine wangekaa kwa Kurwa siku nne. Wilbard angetangulia mlimani kutengeneza nyumba ya mgonjwa, kisha Ijumaa wangepanda.

"Nyumba utaitengeneza," Jenifer alisema. "Barabara je?"

"Na barabara nitaitengeneza."

Alilisema kama wanavyosema watu waliokasirika. Jumanne, ndani ya basi, walipokuwa wamepita Mwanga, ndipo alipogundua kwamba amelisema, na kwamba mkewe analisubiri.

Kwanza alianza na nyumba. Moshi ulitoka jikoni kwa mama yake, jiko la mafiga matatu lililoegemea ukuta wa chumba cha mtoto, na kwenye ukuta ule palikuwa na tundu la kupitisha joto, maana Mhezi ni kwa baridi na mwezi wa tano ukungu hushuka kutoka msitu wa Shengena hadi mlangoni. Wilbard aliliziba tundu kwa matofali na udongo. Kisha akayang'oa mafiga yenyewe na kuyahamishia bandani, nyuma ya zizi la mbuzi. Justa alisimama akamtazama akiwa amejifunga khanga kifuani. Alikuwa amepika pale miaka arobaini na moja, toka alipoolewa.

Akamuuliza mwanawe kama yeye naye ahamie huko kwa mbuzi, au ataitwa tu wakati wa kukamua. Wilbard akasema ni wiki mbili, mama. Justa akasema hata marehemu mumewe hakuwahi kugusa figa la jiko lake.

Ubishi wa chakula ulikuwa mkubwa zaidi. Makande yalipigwa marufuku, na hilo Justa alilielewa, punje za mahindi ni ngumu. Asichokielewa ni chakula kilichopoa. Mtoto mwenye kidonda, katika baridi ile, anyweshwe uji wa baridi? Akasema huko Moshi wamezoea joto, ndiyo maana wanasema ovyo. Wilbard alimsomea ile karatasi ya hospitali neno kwa neno, akifuata mstari kwa kidole, kwa kuwa shule aliiacha darasa la tano na hakutaka kuruka neno. Maziwa. Mtori uliosagwa na kupozwa. Uji wa ulezi usio na chenga. Ndizi mbivu iliyopondwa. Maji ya baridi, na hayo Mhezi hayahitaji friji. Mwishowe akachukua mkaa akaandika saa za dawa ukutani juu ya kitanda: kumi na mbili, sita, kumi na mbili, sita. Chini yake akaandika, kwa herufi kubwa, HAKUNA WAGENI WIKI MBILI.

"Hilo la mwisho unamwandikia nani?" Justa aliuliza. "Watakaokuja hawatalisoma. Watakuwa wameshaingia."

Wilbard akamwambia atasimama mlangoni yeye mwenyewe.

Jioni ya siku ileile alikwenda kwa Anold, mwenyekiti wa kitongoji, kuhusu korongo. Anold alimsikiliza akila. Kila mtu alikuwa anasubiri mvua iishe kabisa, alisema, ndipo lifanyike jambo. Wilbard akasema mwanawe hawezi kusubiri mvua, na kwamba anaomba msaragambo. Anold aliacha kula.

Msaragambo ni kazi ya wote. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe, na asiyetoka anatozwa faini. Mwaka uliopita, kwenye mkutano wa kitongoji, Wilbard alikuwa amesimama na kusema msaragambo ni kazi ya watu wasio na kazi, na kwamba mwenye akili analima tangawizi yake na kulipa hiyo faini. Na kweli, alikuwa amelipa mara tatu. Anold hakumkumbusha. Alimwambia tu kwamba pembe iko kwa Melkizedeki, aende akamwombe mwenyewe.

Mzee Melkizedeki alikuwa na miaka sitini na mitatu na alikaa peke yake juu ya mteremko, mahali ambapo pembe yake ya tandala ilisikika vitongoji vitatu. Katika ule mkutano wa mwaka jana alikuwa amekaa safu ya mbele. Wilbard alimwamkia, akaitikiwa, akakaribishwa kigoda. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, na njiani alikuwa amejipangia namna ya kujibu. Mzee aliuliza jambo moja.

"Mtoto ana miaka mingapi?"

"Mitano, mzee."

"Basi ni Alhamisi."

Alhamisi pembe ililia kabla ukungu haujaondoka, na Wilbard aliyeteremka wa kwanza korongoni akawaona wakija kwenye vijia vyote, wanaume kwa wanawake, majembe, sururu, mapanga, akina mama wengine na karai kichwani. Walifika sitini na zaidi. Hawakuacha kumsema. Kijana mmoja alimuuliza kama faini za leo zinalipwa kwake. Mwanamke mmoja akawataka wenzake wafanye haraka, wenye akili wawahi tangawizi zao. Watu wakacheka, Wilbard naye akacheka, akaendelea kuchimba na kijasho kikamtoka ambacho hakikuwa cha kazi.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri. Walikata miti, wakalaza magogo manne kuvuka, wakapanga mawe pande zote mbili kama ukuta, wakajaza kokoto na udongo. Kufikia saa saba njia ilikuwa imebakiza jiwe moja la pembeni, kubwa, la kuzuia udongo usiteleze. Walilisukuma watu sita kwa miti. Melkizedeki alikuwa chini yake, anaweka vijiwe vya kulikalisha. Wilbard alikuwa mmoja wa wale sita. Aliusikia mti wake ukiteleza kwenye matope, akausikia uzito ukimtoka mikononi, na jiwe likakaa mahali pake sawasawa, na mkono wa kulia wa mzee ukiwa bado haujatoka.

Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa Kipare, kwamba wainue. Walipoinua, vidole viwili, cha mwisho na kinachofuata, havikuwa tena vidole.

Gari la kwanza kupita kwenye barabara ya Irine lilikuwa Noah ya Hamidu, dereva wa njia ile, ambaye tangu asubuhi alikuwa anasubiri ng'ambo aone kama atavuka. Ilivuka, ikageuza, ikarudi na Melkizedeki akiwa amekaa kiti cha mbele, mkono umefungwa khanga ya mtu. Wilbard alikwenda naye. Hospitali ya Same vile vidole vikamaliziwa kukatwa. Mzee alilazwa siku tatu kwenye wodi iliyojaa watu, kitanda cha jirani yake mtu akikohoa usiku na mchana.

Wilbard alitaka kumwomba radhi kwa kuwa mti ulioteleza ulikuwa wake. Alianza mara mbili. Mzee akamkatisha mara zote mbili, akamwambia jiwe limekaa vizuri, aende akamchukue mtoto.

Ijumaa Irine alipanda. Alikuwa amekonda shingo na sauti yake ilitoka puani, lakini alipofika korongoni alitaka gari lisimame aone. Hamidu alisimamisha. Irine alitazama magogo, akatazama mawe, akaonyesha kidole jiwe la pembeni ambalo lilikuwa bado lina doa, akauliza limefanya nini. Baba yake akasema limelowa. Siku mbili za kwanza nyumbani zilikwenda kama karatasi ilivyoandika. Mtoto alikunywa maziwa, alikunywa maji kwa kijiko, alilia kila saa ya dawa na dawa akanywa. Jenifer alimchungulia koo kwa tochi asubuhi na jioni, na utando mweupe ulikuwepo pande zote mbili, umetulia. Hata Justa alikiri kwamba mtori wa baridi haujamuua mtu.

Wageni waliokuja Jumamosi Wilbard aliwarudisha uani, mmoja mmoja. Hakutafuta maneno mazuri. Alisema mtoto haonwi. Walimwachia Justa mayai na maziwa wakaondoka wakiguna, na yeye aliwaacha wagune.

Jumapili ibada ilipokwisha, walikuja wote. Kanisani mchungaji alikuwa amemwombea mtoto na pia mzee Melkizedeki, ambaye alikuwa amepanda na Hamidu asubuhi ileile, na watu waliona ni sawa kutoka kanisani moja kwa moja hadi kwa Wilbard. Walijaa uani, arobaini au hamsini, na nguo zao nzuri. Wilbard alisimama mlangoni. Aliwashukuru kwa barabara, na ilionekana kwamba maneno yale yalimgharimu. Akawaomba wakae pale nje. Wakakaa. Akina mama wakaimba pambio moja kwa sauti ya chini, Justa akagawa chai kwenye vikombe vyote vya nyumba na vya jirani. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Ndipo Melkizedeki akaja. Alikuja nyuma ya wote, taratibu, mkono wa kulia umefungwa bandeji nene na kuning'inizwa shingoni. Watu walimpisha njia mpaka mlangoni. Wilbard alimwamkia, na kabla ya marahaba mzee aligeuza uso pembeni akakohoa, kikohozi kirefu chenye kamasi, kisha akajifuta mdomo kwa mkono uliobaki.

"Kijana wangu," alisema, "nimekuja kumwona mwenye barabara."

Wilbard alikiona kile kikohozi kama anavyokiona kitu kilichoshikwa mkononi. Yalikuwepo maneno, tena mafupi, ya kumwambia mzee wangu una kikohozi, mtoto hatakiwi kukohoa, mwone dirishani. Alikuwa mtu ambaye angemwambia mchungaji kwamba mahubiri ni marefu, na aliwahi kumwambia. Alifungua mdomo. Akaitazama ile bandeji. Pale ambapo palitakiwa kuwa na vidole viwili palikuwa bapa. Ndani ya chumba Jenifer aliita, akauliza ni nani.

Wilbard akasogea pembeni.

Mzee aliingia, na akiisha kuingia mmoja hakuna mlango tena. Waliingia watatu watatu, kisha watano watano. Jenifer alimtazama mumewe juu ya mabega ya watu, na Wilbard akayakwepa macho yake. Mtoto alikuwa ameketi kitandani, kitambaa kimemzunguka shingo. Watu walikuwa na adabu, hawakumsemesha sana, walisema pole tu. Lakini yeye alikuwa mtoto aliyelelewa. Kwa kila mtu mzima aliyeingia, alisema shikamoo. Jenifer alimwambia anyamaze, atawaamkia kwa kichwa, na akajaribu mara mbili, lakini mwanamke mmoja akacheka kwa upole akasema ee, huko Moshi wamemnyang'anya na salamu? Irine aliona haya. Akaendelea kwa mdomo. Aliwaamkia wote, na shikamoo za mwisho zilitoka kama karatasi inayochanwa.

Melkizedeki alikaa kwenye kigoda karibu na mto wa mtoto muda wote huo. Alimwonyesha bandeji. Akamwambia wao wawili wamekatwa wiki moja, waone nani atapona kwanza. Irine akacheka bila sauti. Mzee akakohoa tena, amegeuza uso, lakini chumba kilikuwa kidogo.

Walipoondoka wote Jenifer alifungua dirisha, akabadilisha shuka, akapiga deki sakafu. Wilbard alisubiri aseme. Alipoona hasemi, akaanza yeye: asingeweza kumfukuza mtu yule. Jenifer akasema hakuna aliyesema amfukuze.

Jumanne jioni mtoto alipiga chafya. Usiku akaanza kukohoa.

Jumatano, siku ya tisa tangu upasuaji, saa mbili asubuhi, Irine alikohoa mara sita mfululizo akiwa ameshika kikombe cha maziwa, na maziwa yakageuka rangi. Kwanza yalikuwa ya waridi. Kisha akainama, akatema, na kilichotoka hakikuwa na maziwa. Jenifer alimketisha akamwinamisha mbele, kama karatasi ilivyosema, ili asimeze. Bakuli la uji lilijaa robo wakati Wilbard anakimbia kumwita Hamidu. Hilo angalau alikuwa amelipanga: tangu Ijumaa alikuwa amemwomba Hamidu alaze gari Mhezi, na Hamidu alikuwa amelilaza.

Waliondoka saa mbili na dakika kumi. Ulikuwa ukungu wa kukata kwa panga na barabara ilikuwa telezi. Hamidu aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Korongoni hakupunguza mwendo. Magogo yalilia chini ya matairi, upande mmoja ukadidimia, jiwe la pembeni likashika, wakavuka. Irine alikuwa mapajani mwa mama yake, uso chini juu ya beseni. Baada ya kila muda mfupi alitema, na kati ya kutema na kutema alimeza kwa sababu alikuwa amechoka, na Wilbard, aliyekaa kando yao, alihesabu kutema na hakuweza kuhesabu kumeza. Waliposhuka kwenye lami midomo ya mtoto ilikuwa imepauka na mikono yake ni ya baridi. Alimuuliza mama yake kama shule zimefungwa. Ilikuwa mwezi wa tano na yeye alikuwa hajaanza shule.

Walifika hospitali saa nne kasoro dakika tano. Saa moja na dakika arobaini na tano. Daktari wa zamu alimtazama koo mara moja tu, akampakata mwenyewe, akaenda naye mbio. Wilbard na Hamidu walitolewa damu kwenye chumba cha pembeni ili kurudishia ile aliyokuwa anapewa Irine. Wilbard alilala pale, sindano mkononi, akasikia mtu kwenye korido anakohoa, akajikuta anainuka, na mhudumu akamrudisha chini kwa kumshika bega.

Alasiri daktari alikuja akawaambia mishipa miwili imefungwa kwa uzi na damu imesimama. Kama wangechelewa nusu saa, alisema, hajui. Akauliza kama mtoto alikuwa na mafua. Jenifer akajibu ni kikohozi, kuanzia jana usiku, amekitoa kwa wageni. Daktari hakugomba. Aliandika tu. Wilbard alitamani agombe.

Siku ya nne ya kulazwa Wilbard alipanda mlimani kuchukua nguo na kulisha mbuzi. Aliposhuka garini pale korongoni alimkuta Melkizedeki amekaa juu ya lile jiwe, amevaa koti, bandeji sasa imekuwa nyembamba. Alikuwa hakohoi tena. Mtu alikuwa ameshamwambia, au alikuwa amejiambia mwenyewe. Alimuuliza Irine anaendeleaje, akaambiwa anakula. Akamshukuru Mungu. Kisha akauliza bila kuzunguka.

"Ni mimi?"

Wilbard alikuwa hajalala siku nne.

"Ni kikohozi chako, mzee. Daktari kasema."

Daktari hakusema hivyo. Na yalikuwepo mengine ya kusema: kwamba aliyefungua mlango ni yeye, kwamba waliingia watu hamsini, kwamba ni yeye aliyekataa chumba cha Kurwa, kwamba bila barabara ile mtoto angefia kwenye matope pale pale walipokuwa wamesimama. Yote hayo Wilbard aliyafikiri, na baadaye alimwambia mama yake kwamba alitaka kuyasema. Mzee alikuwa ameshatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la hesabu, akashuka kwenye jiwe kwa mkono mmoja, akaondoka kwa kijia cha juu. Wilbard alimwita. Hakugeuka. Alimfuata nyumbani kwake kesho yake asubuhi, akaeleza yote toka mwanzo hadi mwisho, amesimama mlangoni, na Melkizedeki akamsikiliza akasema nimekusikia, kijana wangu, nenda kwa mtoto.

Justa aliposikia alikuwa amekaa bandani, kwenye jiko lake la uhamishoni. Alichochea moto kwanza.

"Jumapili ulikuwa na mdomo huohuo," alimwambia mwanawe. "Uliuweka wapi?"

Irine alipona. Leo anaongea kwa sauti ya kawaida, halali na mdomo wazi, na hakoromi.

Kilichotumika ni hiki. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Melkizedeki. Chupa mbili za damu, moja ya Wilbard na moja ya Hamidu. Siku kumi na moja hospitali ya Same. Kilo tatu kati ya kumi na saba alizokuwa nazo mtoto, na mbili ndizo zimerudi. Miezi mitatu Jenifer na Irine walikaa kwenye chumba kimoja kwa Kurwa, kwa sababu Jenifer alisema hapandi mpaka mwenyewe aone ni wakati, na Wilbard hakubisha. Pembe imelia mara mbili tangu wakati ule, na mara zote mbili imepulizwa na Anold, ambaye haijui vizuri. Na Melkizedeki haingii tena kwenye nyumba yenye mtoto. Akiitwa chai, anainywa nje, amesimama. Katika kitongoji chao nyumba zenye watoto ni thelathini na nne.